Gari-nyumba kubwa kwa barabara za Tabora na Kigoma: basi, lori, daraja A, daraja C au tela?

Shemeji yangu wa Kigoma ametumiwa picha nne na kijana wake aliyeko Ujerumani, naye akanirushia zote kwa kuwa mimi ndiye fundi umeme wa magari katika familia. Ya kwanza ni gari-nyumba la Kimarekani, refu kama basi la Dar. Ya pili ina kichwa cha gari la mizigo na chumba kilichopanda juu ya dereva. Ya tatu ni lori la porini lililobebeshwa nyumba. Ya nne ni tela. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Shemeji, tuchukue lipi? Dada yako anataka jibu kabla ya msimu." Nimejaribu kumjibu kwa simu mara mbili, na mara zote tumekwama kwenye bei kabla hatujafika kwenye choo, na choo kina uzito kuliko bei. Kwa hiyo nayaandika yote hapa, yamfae yeye na mwingine yeyote wa huku kwetu anayewaza kununua nyumba yenye magurudumu.

Kazi kwanza. Dada na shemeji wana mizinga msituni upande wa Sikonge. Msimu wa kurina asali watu sita huweka kambi porini wiki tatu, wanalala chini ya turubai. Dada ana miaka 61 na mgongo wake haukubali tena mkeka. Msimu ukiisha wanataka kwenda Dodoma kwa wajukuu, Mpanda kwa ndugu, na kupokea rafiki za kijana wao wanaokuja Kigoma kuona sokwe. Ndiyo maana nasema gari kubwa: vitanda vinne visipungue, jiko, maji ya kuoga, na pa kujifungia mvua ikishuka.

Kuhusu sokwe niseme mapema, maana hapo watu wengi hujidanganya. Gombe hufikiwa kwa boti, na watu wengi hupandia Kibirizi. Mahale nako wengi hufika kwa boti au ndege. Gari-nyumba lolote, hata la bei ya ghorofa, litabaki nchi kavu likikusubiri. Ukinunua gari kubwa kwa ajili ya sokwe, umenunua chumba cha usiku mmoja kabla ya boti, na kwa kazi hiyo nyumba za wageni za Kigoma na Ujiji zinatosha kabisa. Gari hili lipimwe kwa Sikonge na Dodoma.

Daraja A: nyumba nzuri kuliko zote, na mkia wake

Wamarekani huyagawa magari haya kwa herufi. Daraja A hujengwa juu ya chasi tupu isiyo na kichwa. Mjenzi wa nyumba ndiye anayejenga kila kitu kuanzia kioo cha mbele hadi nyuma. Urefu huanzia kama mita 8 hadi karibu 14. Yapo ya petroli yenye injini mbele, mengi juu ya chasi ya Ford F-53, na yapo ya dizeli yenye injini nyuma, kwa kawaida juu ya chasi ya Freightliner au Spartan, injini ya Cummins na giaboksi ya Allison inayojibadilisha yenyewe.

Haki yake nimpe. Ndani hakuna linaloshindana nalo. Ubavu mzima wa sebule husukumwa nje kwa mota ukishaegesha, na chumba kinakuwa kipana kama cha nyumba. Lina jeki zake za kusawazisha, jenereta yake, friji ya kimo cha mtu. Dada alipoiona picha alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Hii ndiyo." Namwelewa.

Sasa lilete huku. Kati ya Tabora na Kigoma kila kijiji kina matuta yake, na matuta yetu hayakupimwa kwa gari la namna hii. Nyuma ya ekseli ya mwisho daraja A huning'iniza mkia wa mita tatu au zaidi. Tairi za nyuma zikishuka kwenye tuta, au ukiingia mtaro kwa pembe mbaya, mkia ndio unaopiga chini, na kwenye mkia huo, kwa yale ya dizeli, ndiko injini iliko. Rejeta nayo mara nyingi iko huko huko nyuma, inapovuta vumbi lote linaloinuliwa na magurudumu. Vumbi hilo likichanganyika na ukungu wa oili unaotoka kwenye bomba la kupumulia injini hugeuka udongo unaoganda kati ya mapezi ya rejeta. Wamarekani wenyewe wanaulalamikia ugonjwa huu kwenye lami zao. Kwenye changarawe za kiangazi za huku sidhani kama utamaliza msimu mmoja bila kuishusha rejeta na kuisafisha.

Halafu mlango. Marekani wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo mlango wa nyumba uko kulia, upande wa pembeni mwa barabara yao. Kwetu tunaendesha kushoto. Ukisimama kando ya barabara pale Urambo, wajukuu wanashuka moja kwa moja mbele ya lori linalopita. Jambo hili wauzaji hawalitaji, nami kwangu linatosha peke yake kumkataza shemeji.

Umeme ndio kazi yangu, kwa hiyo mnivumilie. Vyombo vya ndani ya gari la Kimarekani vinakula volti 120 za mzunguko wa 60 kwa sekunde (hezi). Ukuta wa Tanzania unatoa volti 230 za mzunguko wa 50. Ukichomeka bila transfoma umeunguza kila kitu mchana mmoja. Transfoma inatatua volti, haitatui mzunguko, na vitu vyenye mota kama kiyoyozi havifurahii. Kiyoyozi kimoja cha juu ya paa, cha BTU 13,500, hula kati ya wati 1,300 na 1,500 hivi kikiwa kazini, na magari haya makubwa huwa na viwili au vitatu. Vinakaa juu ya paa ambalo tayari limefika karibu mita 4 kutoka ardhini. Anayeijua mitaa ya Tabora anajua miembe yake imeinamia wapi.

Dizeli nayo. Injini za Marekani za barabarani za kuanzia 2007 zina kichujio cha moshi, na nyingi za kuanzia 2010 zinataka pia maji ya urea, yale yanayouzwa kwa jina la AdBlue. Zilibuniwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichowekwa 2015 kiliruhusu hadi sehemu 50. Gari litakwenda, lakini kichujio kitajaa upesi, na taa ikiwaka Uvinza hakuna wa kuizima kwa kompyuta. Ukikimbilia la zamani zaidi ili uepuke kichujio, unakutana na ushuru wa uchakavu wa TRA, unaopanda gari linavyozeeka. Muulizeni wakala wa forodha awapigie hesabu kabla hamjamtumia muuzaji hata shilingi.

Mafuta: la petroli huenda kilomita mbili na nusu hadi tatu na nusu kwa lita, la dizeli tatu hadi nne. Tabora hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400. Mtafanya wenyewe hesabu ya kwenda na kurudi.

Daraja C, na ndugu yake mkubwa

Hili ndilo lenye kichwa cha gari la kawaida, na kitanda kilichopanda juu ya dereva. La Kimarekani mara nyingi ni Ford E-450, ambayo uzito wake wa juu kabisa ulioruhusiwa na kiwanda ni pauni 14,500, karibu tani 6.6. Ubora wake mkubwa ni kichwa chenyewe: chuma cha kiwandani, mifuko ya hewa ya ajali, milango miwili ya kweli mbele. Daraja A mengi hayana hayo. Ukigongana uso kwa uso, kati yako na lile lori jingine kuna faibaglasi na dua.

Udhaifu uko kwenye uzito na kwenye kile kitanda cha juu. Nyumba yenyewe hula karibu uzito wote ulioruhusiwa, na unabaki na kilo mia chache za watu, maji na vitu. Watu sita wa kurina asali wakipanda na ndoo zao, mmeshapita. Ule upande wa mbele wa kitanda, unaopigwa na upepo na mvua kwa miaka, ndiko maji huanzia kuingia. Ukikagua la mtumba bonyeza kuta za kona hizo kwa kidole gumba, na kama plaiwudi inabonyea achana nalo siku hiyo hiyo. Mlango na umeme ni shida zile zile za daraja A.

Wapo wanaoliita C kubwa, lililojengwa juu ya lori kamili kama Freightliner M2. Lina nguvu na linabeba. Lakini bei yake inakaribia daraja A la dizeli, na spea za kichwa chake utazifuata Dar.

Yale ya Ulaya nayapitia kwa kifupi. Huko nako wanasema daraja A kwa gari lisilo na kichwa cha kiwanda, lakini mengi yamekaa juu ya Fiat Ducato, na mengi yamebanwa yasizidi tani 3.5 ili leseni ya gari dogo itoshe. Umeme wake ni volti 230, hapo yamewashinda ya Marekani. Lakini chasi iko chini sana na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Kwenye tope jeusi la bonde la Malagarasi, injini ya kuvuta mbele yenye nyumba nzito nyuma haitoki bila trekta.

Lori la safari, na kiungo ambacho lazima tuwaige Wajerumani

Picha ya tatu ndiyo aliyoipenda shemeji. Ni MAN ya foo wili yenye sanduku jeupe mgongoni, tairi moja moja kubwa za 14.00R20, matanki ya dizeli ya kuvuka Sahara. Magari ya namna hii hupita hapa Tabora mara moja moja, wenyewe wakiwa Wajerumani au Waholanzi wanaoshuka Zambia kupitia Mpanda, na mimi nimeshafungua nyaya za mawili.

Nilichojifunza kwenye magari hayo nataka fundi wa bodi yeyote asome mara mbili. Chasi ya lori imetengenezwa ijikunje. Gurudumu la kulia mbele likipanda kichuguu na la kulia nyuma likizama shimoni, reli mbili za chasi hujipinda kama kitambaa kinachokamuliwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, la sivyo ingekatika. Sanduku la nyumba halitaki kujipinda. Lina vioo, mabomba, makabati. Kwa hiyo Wajerumani hawalifungi sanduku moja kwa moja kwenye chasi. Wanaweka fremu ya kati, inayoshikwa kwa pointi tatu au nne, na baadhi ya pointi hizo zina ekseli ndogo inayozunguka au springi nzito. Chasi inacheza chini, nyumba inatulia juu.

Huku kwetu kawaida ni kufunga sanduku kwa yuboti (boliti za umbo la U) na mbao ngumu katikati. Kwa sanduku la mizigo ni sawa. Kwa nyumba siyo. Miaka iliyopita nililetewa gari la huduma ya afya lililojengwa hivyo na karakana moja ya mjini. Baada ya msimu mmoja wa njia za vijijini, chuma kilikuwa kimepasuka kwenye kona ya juu ya mlango, dirisha moja halifungi, na nyaya zilizopitishwa kwenye matundu ya chuma bila raba zilikuwa zimeliwa hadi shaba ikagusa bodi. Nesi aliniambia taa zilizimika usiku wakiwa na mama anayejifungua. Sijaisahau sauti yake. Tangu siku hiyo sikubali kufunga umeme kwenye sanduku lililopigiliwa moja kwa moja, na kila tundu ninalopitisha waya lina raba yake.

Sasa kwa nini nisimwambie shemeji anunue hilo la MAN? Bei ni sababu ya kwanza; hata la mtumba ni bei ya nyumba kadhaa za Mwanga, Kigoma. Ya pili ni tairi. Tairi ya 14.00R20 ikipasuka Kaliua hutaipata Kaliua, wala Tabora, na kuisubiri kutoka Dar ni wiki nzima ya kulala pembeni ya barabara. Linganisha na 295/80R22.5, tairi wanayovaa mabasi na malori yetu mengi: hiyo hata fundi pancha wa kijijini anaijua kwa jina. Ya tatu, mlango na usukani vimewekwa kwa ajili ya barabara za kuendesha kulia.

Wazo la lori hilo ni zuri. Gari lenyewe ndilo limekosea njia.

Basi, na Coaster

Kila alfajiri mabasi ya Kigoma na Dar yanaondoka, na kila usiku fundi fulani njiani yuko chini ya moja lao na tochi mdomoni. Huo ndio ushahidi mkubwa kuliko tangazo lolote. Basi la Kichina au la Scania lina spea Tabora, lina fundi Nzega na Kasulu, na mfumo wake wa breki za upepo unajulikana hadi kwa utingo. Mlango wake uko kushoto. Buti zake za chini, zinazobeba magunia ya mchele na madumu ya mawese, zinakaa matanki ya maji, betri na jenereta bila kugusa nafasi ya juu. Viti vikitoka, unabaki na ukumbi wa mita 11 wenye madirisha pande zote. Vitanda sita vinaingia na sebule inabaki.

Onyo moja kwa atakayeligeuza: mbavu za bodi, yaani zile nguzo kati ya dirisha na dirisha, ndizo zinazobeba paa. Fundi akikata moja ili aweke dirisha pana la sebule, anatakiwa kurudisha nguvu hiyo kwa chuma kingine kabla ya kufunga bati. Nimeona paa lililoshuka sentimita mbili kwa sababu ya dirisha zuri.

Kasoro ya basi ni pale lami inapoishia. Mita 12 haziingii kwenye njia ya mizinga kati ya miyombo, na mkia wake ni mrefu kama wa daraja A. Kwa familia inayokwenda Dodoma, Mwanza, Mbeya na kurudi, isiyokusudia kuacha barabara kuu, basi lililogeuzwa ndilo jibu langu bila kusita. Kwa asali ya Sikonge hapana.

Coaster ni ndogo, mita 7 hivi, lakini isidharauliwe. Ile yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, isiyo na kompyuta ya kuogopa, fundi yeyote wa daladala anaifungua akiongea na simu. Hula lita moja kwa kilomita 6 au 7. Kwa watu wawili na mtoto, au mstaafu na mkewe wasio na mizinga, kununua kikubwa zaidi ya hicho ni kutafuta taabu. Kwa watu sita wiki tatu, haitoshi.

Tela

Wamarekani wana tela kubwa za shingo, zinazokalia mgongo wa pikapu, mita 10 hadi 13, tani tano na kuendelea. Land Cruiser ya 79 inaruhusiwa kuvuta tani 3.5 tu, kwa tela lenye breki zake. Kwa hiyo tela hizo zifutwe, isipokuwa uzifunge kwenye lori. Tela dogo la ndani ya tani 3.5 lina faida moja nzuri: unaliacha kambini na gari linabaki huru kwenda mjini kufuata unga. Taabu ni kurudi nyuma porini na tela, na mchanga. Kwa anayekaa mahali pamoja mwezi mzima, namshauri alifikirie kwa dhati.

Choo, maji, na ziwa letu

Hapa ndipo simu zetu hazikuwahi kufika.

Gari la Marekani lina tanki la choo la lita 150 au zaidi, linalomwagwa kwa bomba nene kwenye vituo maalumu vilivyo kila kambi ya kwao. Huku hakuna vituo hivyo. Mjini unaweza kumwita mwenye gari la kunyonya majitaka. Porini utafanya nini na lita 150? Jibu ambalo watu huishia nalo silitaki hata kuliandika, na likifanyika karibu na Ziwa Tanganyika ni dhambi kwa watu wanaochota maji ya kunywa pale pale asubuhi. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470, na maji yake hukaa humo muda mrefu mno kabla ya kubadilika. Kinachoingia hakina haraka ya kutoka.

Magari ya Ulaya hutumia kaseti ya lita 18 hivi, unayoichomoa kama begi na kuimwaga chooni. Ni safi na ni rahisi, lakini kwa watu wawili hujaa kwa siku mbili au tatu. Kwa sita, ni kila siku. Na ile dawa ya rangi inayotiwa ndani huua vijidudu vinavyofanya kazi ndani ya shimo la choo, kwa hiyo usiimwage kwenye choo cha shimo cha mtu aliyekukaribisha.

Ninachopendekeza ni choo kikavu, kinachotenganisha mkojo na kinyesi. Kinyesi kinafunikwa kwa maranda, na maranda hapa Tabora kila fundi seremala anakupa gunia bure ili akusafishie karakana. Hakina harufu kikitunzwa, hakina maji, hakina pampu ya kuharibika. Kambini wachimbe choo cha shimo kama kawaida. Kile cha ndani kiwe cha usiku na cha dada.

Maji safi yawe lita 400. Na jambo la nyuki: asali isilale ndani ya chumba cha kulala, hata ndoo moja iliyofungwa. Tone moja sakafuni, na asubuhi mtaamka mna wageni wasiobisha hodi. Rangi ya nje iwe nyeupe au ya udongo. Bluu na nyeusi huvuta mbung'o, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa rangi hizo, na upande wa pori la Ugalla mbung'o hufukuza gari linalokwenda.

Mizani

Gari lenye uzito wa kuanzia tani 3.5 linatakiwa kupita mizani, hata likiwa limebeba vitanda tu. Kwa hiyo uzito upigiwe hesabu kabla chuma cha kwanza hakijakatwa. Wapagazi wa Unyanyembe walioshuka pwani na kupanda Ujiji walibeba kama kilo 30 hivi kila mmoja, na kila mzigo ulipimwa kabla ya safari. Sisi wenye injini tumeacha desturi hiyo.

Chukua lori la Kijapani la kubeba tani 4, Fuso au Isuzu, zile zinazobeba tumbaku na mahindi huku. Sanduku jepesi la mita 5 na nusu, lenye fremu ya mraba na kuta za sandwichi ya povu, lisizidi kilo 1,500. Fremu ya kati yenye viungo, 300. Vitanda, makabati na jiko, 400. Maji 400. Betri, sola na inveta, 150. Watu sita na nguo zao, 480. Dizeli lita 200 ni karibu kilo 170. Jumla ni 3,400. Zinabaki kilo 600 za asali, kama watajizuia, na asali ikae kwenye sanduku lake la nje nyuma.

Hilo ndilo jibu langu kwa shemeji: asinunue picha hata moja kati ya zile nne. Anunue lori ambalo fundi wa Kasulu na wa Sikonge wanalijua, lenye mlango wa nyumba utakaokatwa upande wa kushoto, halafu wamwonyeshe fundi wa bodi ile picha ya tatu, siyo kwa ajili ya tairi zake, bali kwa kile kiungo kilicho chini ya sanduku. Vitanda vinne ndani, turubai pana ubavuni kwa vijana wawili. Atakosa ubavu wa kusukuma nje, na dada atakosa ile sebule. Nimemwambia hivyo hivyo, naye akauliza kama kitanda chake kitakuwa na urefu wa futi sita. Kitakuwa nao.

Wakati wa kulipokea kutoka karakana msilipime likiwa tupu na limeegeshwa. Jazeni maji, pakieni watu, nendeni lami hadi Sikonge, muingie njia ya msituni kilomita 20, mrudi. Kisha fungua kila kabati, kagua kila kona ya mlango, lala chini uangalie kama viungo vya fremu vimeng'aa panapocheza. Visipong'aa, havichezi, na sanduku ndilo linalojipinda.

Kuna Fuso moja tumeiona Nzega, chasi haijachomelewa popote na difu haina kelele. Jumamosi tunaipeleka mizani ikiwa tupu, tupate namba ya kuanzia.